Uliza Anti: Mojito ya nazi, mbona tui linakatika?

Wapenzi wasomaji karibuni tena. Toleo lililopita niliandika kuhusu mojito ya nazi, yani ile mojito ya siku zote ya ndimu, nanaa, sukari, ramu nyeupe na soda wota, ila unaiingizia nazi, na meseji zimekuja nyingi kweli, Mtwara mjini, Lindi, Kilwa, mpaka Newala kule juu. Nimechagua zile zinazogusa wengi. Kwa ambaye hakusoma, kipimo changu cha glasi moja ni hiki: majani ya nanaa 8 mpaka 10, juisi ya ndimu 2 ndogo, shira ya nazi vijiko 2 vya chakula, ramu vijiko 3 vya chakula (hapo ni kama mililita 45), maji ya dafu nusu kikombe hivi, barafu ya kutosha, halafu juu unamalizia na soda wota kidogo. Haya twende.

Shikamoo anti. Mi nafanya kazi kwenye baa ya hoteli moja huku Shangani, Mtwara. Nimejaribu mojito ya nazi kwa tui zito nililokamua mwenyewe, likiwa kwenye bakuli ni laini zuri kabisa lakini nikishatia ndimu na barafu tui linakatika, chenga nyeupe zinaelea juu na mteja anarudisha glasi. Bosi kaniambia niache kuhangaika ninunue la kopo. Shida ni nazi zetu au ni mimi?

Marahaba mwanangu. Nazi zenu hazina shida yoyote, tena ningekuwa huko nisingegusa kopo. Kinachotokea ni vitu viwili vinavyokutana kwenye glasi moja. Cha kwanza ni baridi. Mafuta ya nazi yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi yanaanza kuganda, ndo maana chupa ya mafuta ya nazi mchana wa Mtwara inamwagika kama maji ila ukiiweka kwenye friji asubuhi unaikuta nyeupe ngumu. Sasa tui la kwanza limejaa mafuta, ukilikutanisha na barafu yanaganda pale pale na hizo ndo chenga unazoziona. Cha pili ni ndimu, ule ukali wake unafanya protini iliyomo kwenye tui ishikane na ijitenge na maji. Kwa hiyo tui zito, ndimu kali na barafu kwa mpigo lazima likatike, hata akamue nani.

Dawa yake ni shira ya nazi. Chukua nazi iliyokomaa, ile ukiitikisa unasikia maji yanacheza ndani, sio koroma, ikune kwa mbuzi kama kawaida, tia maji ya uvuguvugu kidogo sana, kamua tui la kwanza. Hapo chuja mara 2, mara ya kwanza kwa kifumbu au chujio la kawaida, mara ya pili kwa kitambaa safi chepesi, maana kifumbu kinapitisha machicha madogo ambayo kwenye wali huyaoni ila kwenye kinywaji mteja anayasikia kwenye ulimi. Pima kikombe 1 cha tui kwa kikombe 1 cha sukari, tia chumvi ya kubana na vidole 2 tu, weka kwenye moto mdogo ukoroge bila kuacha, na usilisubiri lichemke, sukari ikishayeyuka yote na ukaona limekuwa zito linang'aa, ipua. Sukari inalifanya lile tui liwe zito na mafuta yabaki yametawanyika, hayakimbilii kujikusanya. Likipoa weka kwenye chupa yenye mfuniko, kwenye friji linakaa siku 3 au 4. Ukilitoa utaona tabaka gumu juu, usishtuke, liache nje nusu saa litikise litarudi.

Halafu fuata mpangilio, hapa ndo wengi wanapoharibu. Ndimu usiimwage juu ya tui moja kwa moja. Ichanganye kwanza na maji ya dafu, ukali upungue, ndo utie shira na ramu, tia barafu, funga, tikisa kwa nguvu mpaka chombo kiwe cha baridi mkononi. Kama hamna sheka hapo baa, chupa ya jemu yenye mfuniko wa kukaza inafanya kazi ile ile. Chuja umimine kwenye glasi yenye nanaa na barafu mpya, kisha soda wota. Itakuwa na weupe kidogo wa ukungu, chenga hakuna.

La kopo sio baya, mengi yametiwa kitu cha kushikilia mafuta yasijitenge, lakini mwambie bosi asome maandishi ya kopo kabla hajalipa, kuna tui la kopo la kupikia na kuna ile krimu ya nazi yenye sukari ambayo kisiwa cha Puerto Rico kule Karibiani ndo wanaitumia kwenye pina kolada, kinywaji chao cha ramu, nanasi na nazi, ni vitu 2 tofauti kabisa na ukibadilisha moja kwa nyingine kipimo chote cha sukari kinavurugika. Na nikwambie kitu ninachokiamini sana kuhusu kinywaji hiki: mojito ni kinywaji chepesi cha mtu mwenye kiu na joto. Ukiitia tui vijiko 5 unapata kinywaji kizuri labda, ila sio mojito tena, nanaa hausikii, ndimu hausikii. Nazi nyingi ipitie kwenye maji ya dafu, tui liwe la kugusia tu. Huko mliko dafu linashushwa asubuhi na mchana liko baa, mtu wa London hana hiyo bahati hata awe na hela kiasi gani.

Anti habari. Mimi nikitwanga nanaa kwenye kinu mojito inatoka chungu na ina rangi ya kijani ya majani majani. Mama wawili, Mikindani.

Mama usitwange. Harufu ya nanaa iko kwenye vifuko vidogo sana vya mafuta juu ya jani, vinapasuka kwa kubonyezwa tu, ukishapondaponda mpaka ndani unatoa ule uchungu na ukijani. Weka majani kwenye glasi na kijiko cha shira, bonyeza taratibu na mgongo wa mwiko mara 5 au 6, ukisikia harufu imepanda acha. Yale ya kupamba juu yapige kofi moja kati ya viganja kabla ya kuyaweka. Na angalia ndimu pia, ukikamua mpaka ganda linajikunja ule weupe wa ndani unaachia uchungu wake, mara nyingi nanaa inasingiziwa kosa la ndimu.

Mimi ni mwalimu wa historia, Lindi mjini. Naomba kuuliza bila ubishi, mojito ni kinywaji cha Cuba, sasa kuitia nazi si ndo kuharibu mambo ya watu? Nazi inahusiana nini na Havana?

Mwalimu swali lako limenifurahisha kuliko yote. Ni kweli mojito kwao ni Havana, na pale kuna baa moja inaitwa La Bodeguita del Medio, ipo tangu 1942, ndo imeifanya ijulikane na watalii mpaka leo. Kipimo kinachotambuliwa na chama cha kimataifa cha watu wa baa, IBA, hakina nazi kabisa: ramu nyeupe ya Cuba mililita 45, juisi ya ndimu mililita 20, vijiko 2 vya chai vya sukari nyeupe ya miwa, nanaa vitawi 6, soda wota. Kwa hiyo hii yetu lazima iitwe mojito ya nazi, tusimdanganye mtu kwamba ndo ile yenyewe.

Ila sasa tazama vitu vilivyomo kwenye hiyo glasi vilifikaje kule. Miwa sio ya Karibiani, Columbus ndo aliipeleka kwenye safari yake ya pili mwaka 1493, na mbegu za ndimu na machungwa zilikuwa kwenye safari hiyo hiyo. Nanaa nayo imetoka upande huu wa dunia. Na minazi, mwalimu, hapa ndo penyewe. Mwaka 2011 watafiti walitoa matokeo ya kupima vinasaba vya minazi ya dunia nzima, wakakuta imegawanyika makundi mawili makubwa, ya Bahari ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi, na minazi ya pwani ya Atlantiki, Karibiani ikiwemo, ni ya ukoo wa Bahari ya Hindi. Wareno walipozunguka Afrika na kufika huku kwetu 1498 ndo njia ikafunguka, nazi zikabebwa na majahazi yao zikapandwa visiwa vya Afrika Magharibi, kutoka pale zikavuka mpaka ng'ambo. Yani mnazi wa ufukwe wa Havana na mnazi wa Msimbati ni ndugu wa damu.

Kwa hiyo mi sioni kama tunaharibu. Watu wa Karibiani wenyewe wanaitia nazi kwenye ramu miaka yote, na pina kolada Puerto Rico waliitangaza kinywaji chao cha taifa mwaka 1978. Ukiwafundisha wanafunzi wako safari za Wareno wape na hii ya nazi (mojito usiitaje darasani), wataikumbuka kuliko majina ya manahodha.

Asalaam aleykum dada yangu. Niko Kilwa Masoko, tuna harusi ya mdogo wangu na sisi hatutumii kilevi, ila mashamba yetu yamejaa madafu na nimeipenda hiyo rangi na harufu ya nanaa. Nataka glasi 50 za wageni wa ndani. Naweza kutoa ramu tu nikabakiza vingine?

Waaleykum salaam mdogo wangu, na hongereni kwa harusi. Ukitoa ramu tu ukabakiza vingine itakuwa tamu ya kukinaisha maana ramu ilikuwa inakata utamu, kwa hiyo kinachotoka lazima kizibwe. Ziba kwa kuongeza dafu na ukali wa ndimu, na ukitaka kale kamoto ka kooni tia juisi ya tangawizi mbichi, kidogo tu.

Kwa glasi 50 hesabu lita 9 kabla ya barafu. Maji ya dafu lita 5, dafu moja linatoa kati ya robo lita na nusu lita kutegemea ukubwa kwa hiyo angusha 20 uwe na amani. Shira ya nazi lita 1 na nusu, hiyo inatoka kwenye tui zito lita 1 na sukari gramu 800, nazi 5 au 6 kubwa. Juisi ya ndimu lita 1, ndimu ndogo 60 hivi, na zile zenye ganda jembamba laini ndo zenye maji, za ganda nene zenye vipele unakamua mpaka mkono unauma hupati kitu. Soda wota lita 1 na nusu. Nanaa usiwabonyezee wageni 50 glasi moja moja utachoka, badala yake shira ikiwa bado ya moto na umeshaiipua tumbukiza mafungu 5 ya nanaa yaliyooshwa, funika robo saa, yatoe. Harufu yote inabaki ndani ya shira.

Usiku wa kuamkia harusi tengeneza shira tu. Madafu yapasuliwe siku yenyewe, ndimu zikamuliwe siku yenyewe, na mchanganye saa moja kabla ya wageni, soda wota ndo iingie mwisho kabisa kwenye jagi wakati wa kumimina la sivyo gesi yote imeisha. Nyama laini ya dafu msiitupe, ikate nyembamba nyembamba uiweke ndani ya glasi, watoto wataigombania.

Na barafu! Naomba sana hapa. Zile barafu za mabonge wanazouza kwa ajili ya samaki hazifai kunywewa, hata ukiziosha, maji yake hujui yametoka wapi na zimelala kwenye sakafu ya mnadani. Gandisha maji yenu yaliyochemshwa siku 2 kabla kwenye mifuko safi, siku ya harusi mnazifunga kwenye kitambaa mnazigonga na mchi.

Anti mambo. Huku Newala msimu wa korosho mabibo yanaoza chini na nipa iko kila kona bei poa kuliko ramu. Nikiweka nipa kwenye hiyo mojito na ndimu zikawa nyingi si inakuwa safi tu?

Hapana mwanangu, na hili nasema kwa uzito wote. Nipa ni gongo, hata sheria hairuhusu, lakini hata tuache sheria. Pombe ya kupikwa kienyeji haina mtu aliyeipima, na inaweza kuwa na methanoli ndani, sumu ambayo kiasi kidogo kinapofusha macho na kikizidi kinaua, na haina rangi wala ladha ya kukutahadharisha. Ndimu haiiondoi, tui haliiondoi, nanaa ndo kabisa, vinachofanya vyote ni kuficha harufu ili unywe nyingi zaidi. Mtu akinywa halafu macho yakaanza kuona ukungu au tumbo likamkata vibaya, hospitali saa hiyo hiyo, msisubiri kesho.

Ila hayo mabibo yanayooza chini ndo yananiuma, maana bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa na juisi yake na dafu vinapatana ajabu. Watu wanalikimbia kwa sababu linakwaruza koo. Fanya hivi: okota yaliyoanguka asubuhi hiyo hiyo, nyonga korosho uitoe bila kuivunja kwa sababu mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi, osha, kamua, chuja. Kisha pika uji mwembamba sana wa unga wa mhogo, uache upoe, tia vijiko 3 au 4 vya chakula kwenye kila lita ya juisi, koroga, liache litulie masaa 2. Utaona uchafu mzito unashuka chini na juu panabaki juisi nyepesi ya dhahabu, mimina hiyo ya juu taratibu. Ule mkwaruzo umeshikwa na wanga umezama nao. Sehemu 1 ya juisi hiyo kwa sehemu 2 za maji ya dafu, ndimu, nanaa, barafu. Inywe siku hiyo hiyo maana jioni inaanza kuchacha, mnalijua hilo kuliko mimi.

Dada, Lindi hapa ramu nyeupe nimeitafuta nimekosa. Naweza kutumia Konyagi? Na hii Malibu niliyoletewa zawadi je?

Konyagi inafaa, ni asilimia 35 wakati ramu nyingi zinaanzia 37 na kuendelea, kwa hiyo kipimo kinabaki vijiko vile vile 3. Ina harufu yake lakini ndimu na nanaa vinaenda nayo vizuri, mi naongezea tu maganda membamba ya ndimu juu. Malibu ni asilimia 21 na tayari ina nazi na sukari, ukiitumia punguza shira iwe kijiko 1 cha chai, la sivyo unakunywa shira tupu. Na utamu wa nazi unaficha makali, mtu anamaliza glasi 3 hajajua, kwa hiyo kama unaendesha pikipiki kurudi nyumbani kunywa ile ya mtu wa Kilwa hapo juu. Mjamzito vile vile.

Nanaa nikipanda hapa Chikongola inakauka, mchanga tupu. Nifanyeje?

Usiipande chini, panda kwenye ndoo iliyotobolewa, mchanga wako nusu na mbolea ya ng'ombe au mbuzi iliyooza nusu. Ile nanaa ya sokoni usiitupe shina, toa majani ya chini, simamisha vitawi kwenye glasi ya maji dirishani, ndani ya wiki moja au mbili vina mizizi. Iweke mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, mwagilia jioni, na uikate mara kwa mara, ukiiogopa inarefuka inatoa maua na majani yanakuwa madogo. Ikikosekana kabisa, mrehani kidogo unashika nafasi, majani 3 tu kwa glasi maana unatawala.

Maji ya dafu niliyoweka kwenye friji yamegeuka pinki. Yameharibika? Na mume wangu ana matatizo ya figo, anaweza kunywa?

Rangi ya pinki peke yake sio kuharibika, ni vitu fulani ndani ya maji ya dafu vinavyokutana na hewa. Nusa na uonje tone, kama ni chachu au yana povu na utelezi mwaga, kama yako sawa yatumie siku hiyo. Ukitaka yakae meupe yamimine moja kwa moja kutoka kwenye dafu mpaka kwenye chupa safi ujaze hadi mdomoni, funga, friji, na usivuke siku moja.

Kuhusu mzee, dafu lina potasiamu nyingi na figo zikiwa dhaifu zinashindwa kuitoa, ikizidi inagusa mapigo ya moyo. Asinywe, hata ile isiyo na ramu, mpaka daktari wake aangalie vipimo vyake vya damu aseme kiasi gani. Kwa sasa mtengenezee ndimu kidogo, nanaa na maji ya baridi, ila kama wamempimia kiasi cha maji kwa siku basi na glasi hiyo iingie kwenye hesabu.